Siku Kumi za Simba

Ng'ombe wa mahari ya wifi yangu waliingia nyumbani kwetu Tarime Jumamosi moja saa nne asubuhi, na kabla jua halijazama mbwa wetu Simba alikuwa amemng'ata kitindamimba wangu mkononi. Yaliyotokea kati ya saa hizo mbili nimeyarudia kichwani usiku mwingi, na karibu yote ni habari ya chakula: kilichotupwa, aliyetupiwa, na nani alikuwa amesimama karibu.

Simba tulipewa akiwa mdogo kiasi cha kuenea kwenye kofia ya baba watoto. Huku kwetu mbwa hafugwi ili apendeze macho. Wizi wa mifugo umetuumiza kwa miaka mingi, hata Tarime na Rorya zikafanywa mkoa wa kipolisi wa peke yake, na mwenye zizi asiye na mbwa hapati usingizi wa kushiba. Mara mbili Simba alituamsha usiku wa manane, na mara zote mbili kulipokucha tulikuta miba ya zizi imesogezwa na ng'ombe wote wamo ndani. Mbwa wa namna hiyo alistahili kula kwa heshima. Hakuipata. Hakuwa na chombo chake wala saa yake wala mahali pake. Leo angepewa ukoko wa ugali saa tisa mchana, kesho asipewe kitu hadi mtu akumbuke usiku. Watoto walimlisha kwa mkono kutoka kwenye sahani zao, kisha wakamnyang'anya wakicheka, kisha wakampa tena. Baba watoto alishikilia neno alilolikuta kwa baba yake, kwamba mbwa akishiba hulala, na mwenye njaa ndiye mlinzi. Sikuwahi kumbishia. Niliona ni mambo ya wanaume na zizi lao.

Kuna jambo jingine ambalo sitaki kuliruka. Wiki chache kabla ya siku ile Simba alikuwa akila chini ya kihenge, mwanangu wa pili akapita karibu, mbwa akanguruma. Alichapwa fimbo hadi akajificha. Tangu hapo hakunguruma tena, nasi tukasema amekoma. Kumbe tulikuwa tumemfundisha kunyamaza tu. Hasira ilibaki mahali pake, na sauti iliyokuwa ikituonya tulikuwa tumeiua kwa mikono yetu.

Siku ya mahari tulichinja fahali nyuma ya zizi. Wageni walikuwa wengi, sufuria ya kichuri inachemka, nyama iko juu ya makaa, vijana wanapasua na kugawa. Maini yalipotolewa yalionekana yana vifuko vyeupe vilivyojaa maji, vikubwa kama ndimu. Mmoja wa vijana akayakata yale yaliyoharibika, akapiga mluzi, akamrushia Simba. Hakuna aliyesema neno. Mimi mwenyewe niliona, nikageuka kuendelea na ndizi zangu. Mchana kutwa mifupa iliruka kutoka kila upande: mbavu za kuchoma, mifupa ya mchuzi, vichwa vya samaki. Mbwa aliyezoea njaa hajui kusema imetosha.

Saa kumi na mbili kasoro wageni walikuwa wanaaga. Simba alikuwa chini ya kihenge na mfupa wa paja. Mwanangu, umri wake miaka minne, alifuata kandambili yake iliyobaki palepale, hatua moja kutoka puani mwa mbwa. Akanyoosha mkono. Kwa Simba, mkono wa mtoto ulikuwa ni mkono unaonyang'anya. Ndivyo tulivyomzoesha tangu akiwa mdogo. Hakubweka, hakunguruma. Nilisikia kilio tu.

Wote tulikimbia, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Shangazi mmoja alikuwa tayari ameshika pilipili na kitunguu vya kusaga. Mwingine alitaka mafuta ya taa. Binti yangu mkubwa, aliye kidato cha pili, alipita katikati yao akiwa na dumu la lita 20 na kipande cha sabuni ya mche. "Samahani shangazi," alisema, "maji na sabuni kwanza. Dakika 15. Tulifundishwa shuleni." Akampa mdogo wake simu ashike saa. Bibi, yaani mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita hivyo, aliketi chini akampakata mtoto, na mimi nikamimina maji kwa kata, kidogo kidogo, yatiririke, huku binti akiosha matundu mawili ya meno na mkwaruzo mrefu. Sabuni huviharibu virusi vya kichaa cha mbwa, na maji yanayotiririka huviondoa kwenye kidonda. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba dakika 15 ni ndefu kuliko nilivyowahi kudhani, na kwamba mtoto aliyelia hadi sauti ikakauka bado ana nguvu ya kuuliza, "Mama, Simba amenikasirikia nini?"

Tulikwenda hospitali kwa bodaboda, mtoto katikati yangu na dereva. Muuguzi wa zamu aliuliza kama mbwa ni wetu, akauliza kama amechanjwa, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Mbwa yuko hai?" Nikamwambia nilimwacha hai, ila sijui kwa muda gani, maana nilipotoka nilimwona baba watoto akitafuta rungu. Akaniambia nipige simu hapohapo. Mbwa asiuawe. Afungwe, alishwe, anyweshwe, atazamwe siku kumi.

Alinieleza taratibu, nami naeleza kama nilivyoelewa. Virusi vya kichaa huingia kwenye mate ya mbwa siku chache tu kabla dalili hazijaonekana. Mbwa aliyekuwa navyo mateni siku ya kung'ata atakuwa ameugua na kufa ndani ya siku kumi. Akifika siku ya kumi mzima, anakula na kunywa, basi siku ile mate yake hayakuwa na kitu. Lakini mtoto hasubiri siku hizo. Sindano zinaanza usiku huohuo, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mwanangu alichomwa usiku ule, akarudishwa siku ya tatu na siku ya saba. Tuliuza mbuzi wawili. Kadi ya chanjo ya Simba niliikuta baadaye ndani ya Biblia ya Bibi, na chanjo ya mwisho ilikuwa ya miaka miwili nyuma.

Nilipofika nyumbani Simba alikuwa amebanwa kwenye kona ya zizi na vijana watatu, na baba watoto amesimama mbele yao. Nilimweleza maneno ya muuguzi. Hakunisikia, na simlaumu. Damu ya mtoto ilikuwa bado kwenye shati lake. Aliyemsimamisha ni mama yake. Alitoka jikoni bila haraka, akasimama kati yake na mbwa.

"Mwanangu," alisema, "ukimwua usiku huu, kesho utamuuliza nani kama mtoto ni mzima?"

Baba watoto aliweka rungu chini. Simba alifungwa mnyororo chini ya mparachichi, mbali na njia ya watoto, na siku kumi zikaanza.

Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili nilidhani dunia imeniangukia. Simba alikataa ugali. Alikuwa ameinamisha kichwa, mate yanamchirizika, anapanua mdomo na kukohoa kama kitu kimemkwama kooni. Mtoto wa shemeji yangu, kijana mwenye moyo mzuri, alikunja shati akasema ni mfupa, ngoja aingize mkono autoe. Nilikuwa tayari kwenye simu na bwana mifugo. Aliposikia tu habari ya mkono, alipaza sauti: "Mama, mtu yeyote asimguse mdomo!"

Aliwasili kwa pikipiki, kabla hata hajavua kofia akatukusanya. Mbwa mwenye kichaa, alisema, koo lake hupooza. Hushindwa kumeza, mate hutoka, mdomo hubaki wazi, na mwenye mbwa huapa kwamba ni mfupa. Watu huingiza mkono kumsaidia, na huo ndio huwa mwanzo wa msiba wao. Kijana alikunjua shati lake kimya.

Bwana mifugo alivaa glavu nene, akasukuma bakuli la maji kwa fimbo ndefu, akachuchumaa mbali kumtazama. Tulisimama kama watu wanaosubiri hukumu. Simba aliyatazama maji. Akanusa. Akanywa, kidogo, akameza, akanywa tena. Nilimshika mkono Bibi bila kujua. Bwana mifugo hakusema kwamba mambo yamekwisha. Alisema tu kwamba kumeza ni dalili njema, na kwamba anavyoliona tumbo lile limejaa mifupa. Mifupa iliyopikwa hukauka ikapasuka vipande vyenye ncha kama vya chupa. Hukwaruza koo, hutoboa utumbo, au hukusanyika ikawa kama saruji. Siku ya tatu alfajiri Simba alijisaidia kwa shida kubwa, kinyesi cheupe kigumu chenye vipande vya mbavu ndani yake, na adhuhuri akala uji mzito wa dagaa. Niliupika mwenyewe.

Lakini siku ile ya pili bwana mifugo hakuondoka kabla ya kuuliza alilishwa nini kingine. Tulipotaja maini yenye vifuko vya maji, alikaa chini kabisa. Ndani ya vifuko vile, alisema, mna watoto wa minyoo aina ya tegu. Mbwa akila, wanakuwa minyoo wadogo sana tumboni mwake, na mayai yao hutoka na kinyesi. Ng'ombe na mbuzi huyapata malishoni. Mtoto huyapata kwenye mikono aliyomshikia mbwa, na ndani ya ini au mapafu yake kifuko kama kile huanza kukua polepole, miaka kwa miaka. Alitutajia Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako ugonjwa huu uliwahi kuonekana kwa wingi kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na ambako AMREF ilipeleka mpango wa kuudhibiti miaka ya 1980, kutibu watu na mbwa kwa pamoja. Simba akapewa prazikwanteli, kwa kipimo cha uzito wake. Ni dawa ileile ambayo watoto wa kando ya ziwa hupewa kwa ajili ya kichocho, jambo lililomshangaza Bibi kuliko yote. Nasi tukaambiwa: kiungo chenye vifuko huchomwa, au hufukiwa shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Huwa nawaza ni machinjio mangapi ya nyumbani nimehudhuria maishani mwangu na kuona mluzi ule ukipigwa.

Siku ya tano alikuja baba mdogo wa watoto kutoka Mugumu, wilayani Serengeti, kumjulia hali mgonjwa. Kule kwao, alisema, mbwa huchanjwa kwa kampeni, watu hupanga foleni na kamba mikononi kama siku ya kupiga kura. Kampeni kubwa iliyoanza wilayani humo mwaka 1996 ilipunguza kichaa cha mbwa kwa asilimia 70 baada ya duru ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya duru ya pili. Watafiti wanasema inatosha mbwa saba katika kila kumi wachanjwe ili ugonjwa ukose njia. Kisha akasimulia habari ya mwaka 1994, ambapo distempa, ugonjwa wa mbwa wa nyumbani, uliingia hifadhini na simba wapatao 1,000 wakafa, theluthi ya simba wote wa Serengeti. Kitindamimba wangu, bandeji mkononi, alisikiliza hadi mwisho. "Simba walikufa kwa sababu ya mbwa?" Baba yake mdogo akamjibu kwamba walikufa kwa sababu mbwa hawakuchanjwa. Mtoto akageuka akamtazama Simba wake chini ya mparachichi kwa muda mrefu.

Chakula cha mbwa aliyefungwa hakiwezi kusahauliwa, maana hana pa kwenda kujitafutia, na hapo ndipo nilipoona jinsi tulivyokuwa tukimlisha. Siku ya sita nilimkuta Bibi akisaga pembeni mahindi ya ndoo ya bluu. Ndoo ile ilikuwapo tangu niolewe: mahindi yaliyopata ukungu huchambuliwa humo, yawe ya mbwa na kuku. Bibi aliona njaa utotoni mwake, na punje moja haitupi. Nilimketisha, nikamwambia nilichokisikia kwa bwana mifugo kuhusu sumukuvu, sumu ya ule ukungu, ambayo haiishi kwa kuchemshwa wala kwa kusongwa. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, nchini Kenya, mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125. Mbwa huharibika ini haraka kuliko sisi. Na kuku anayekula sumukuvu, mayai yake tunakula wenyewe. Bibi alisikiliza mikono ikiwa ndani ya unga. Baadaye aliibeba ndoo mwenyewe hadi kwenye shimo la taka, akaimwaga, akakaa pale kidogo kabla ya kurudi. Sikumfuata.

Basi tukaanza upya. Simba alipata bakuli la bati na mahali palepale kila siku, kando ya ukuta wa jiko, mnyororo ulipofika, ambako hakuna njia. Asubuhi saa moja, jioni saa kumi na mbili: ugali laini wa unga safi, dagaa waliooshwa mchanga na chumvi, mboga kidogo, siku nyingine maziwa. Bila kitunguu, kwa sababu kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Bila pilipili, ambayo wengine humpa mbwa awe mkali. Bila mafuta ya nyama na bila magunzi, kwani gunzi likimezwa zima huziba utumbo na hapo ni kisu tu. Maji safi muda wote. Mbwa mtoto angehitaji milo mitatu au minne kwa siku. Mkubwa kama Simba miwili inamtosha. Baba watoto alitazama haya bila kusema, hadi usiku wa saba, ambapo fisi alipita karibu, na Simba, ingawa ameshiba na amefungwa, akabweka hadi tukatoka wote na tochi. Asubuhi baba watoto alilijaza bakuli yeye mwenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa ya mikono. Bwana mifugo alisema mbwa anayelinda chakula chake hana roho mbaya, anaogopa kunyang'anywa. Basi afundishwe kwamba anayekuja analeta. Kila mtu mzima aliyepita wakati Simba anakula alisimama mbali, akatupa dagaa mmoja karibu na bakuli, akaenda zake. Hakuna kugusa bakuli, hakuna kumsemesha. Akinguruma, hachapwi, unarudi nyuma na kesho unasimama mbali zaidi, maana amekuambia kwa adabu. Siku za kwanza alikakamaa, jicho jeupe likionekana, akameza bila kutafuna. Siku ya nane aliinua kichwa nilipotokea, akakitazama kiganja changu.

Kwa watoto sheria ikawa nyingine. Bibi alichota majivu jikoni akachora mstari, hatua tano kutoka kwenye bakuli, na kila asubuhi aliuchora upya baada ya umande. Hakuna mtoto anayevuka mstari Simba akiwa anakula. Hakuna kumlisha kwa mkono. Hakuna kumpa kitu mtu mzima asipokuwapo. Aliyeuliza kwa nini alijibiwa maneno mawili tu: "Mwacheni ale." Wageni walijibiwa hivyohivyo, hata wakubwa.

Siku ya kumi nilimpigia bwana mifugo asubuhi na mapema. Alikuja, akamtazama Simba akinywa, akitembea, akiitika jina, akila mbele yake bakuli zima. Akasema mate ya siku ile hayakuwa na kichaa. Baba watoto alikwenda nyuma ya zizi peke yake, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Simba alichanjwa palepale, na tarehe ya mwaka unaofuata ikaandikwa kwenye kadi mpya ambayo sasa imetundikwa kwa msumari mlangoni, mahali ambapo kila mtu anaiona.

Jioni nilimchukua kitindamimba wangu hadi kwenye majivu. Kovu lilikuwa bado jekundu. Nilimshika bega, nikampa dagaa mmoja. Simba alikuwa ameinamia bakuli. Mtoto alirusha kwa mkono uleule, dagaa akaangukia vumbini kando ya bakuli. Simba aliinua kichwa, akamtazama mtoto, akamtazama dagaa, akamwokota, mkia ukapiga ukuta mara mbili. Mtoto alitaka kusogea.

"Mwacheni ale," Bibi alisema kutoka jikoni, na mtoto akabaki nyuma ya mstari, akimtazama hadi bakuli likaisha.